Mji Mtupu, Bajeti Ndogo

Vampaya mmoja akimnyonya mtu damu si kazi kubwa kumpiga picha. Kazi ni kumfanya mtazamaji aamini kwamba dunia nzima imekwisha, vampaya wametapakaa kila kona, na binadamu mzima amebaki mmoja tu. Hapo ndipo fedha zinapoteketea. The Last Man on Earth, iliyotoka mwaka 1964, iliimudu kazi hiyo kwa bajeti ya kubana, na mpaka leo inatisha. Nguvu yake iko kwenye namna ilivyoupiga picha mji usio na watu.

Hadithi inatokana na riwaya ya Richard Matheson, I Am Legend, ya mwaka 1954. Kampuni ya Hammer ya Uingereza ilitaka kuitengeneza, lakini wakaguzi wa filamu wa huko wakaweka ngumu. Mswada wa filamu ukaangukia mikononi mwa mtayarishaji wa Kimarekani, Robert Lippert, naye akaupeleka Italia. Kwa hiyo hadithi inadai tuko Marekani, ilhali kamera iko Roma, na picha nyingi za mchana zinatoka mtaa wa EUR. Mtaa huo serikali ya Mussolini iliuanzisha kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1942, ambayo vita viliyafuta. Ni majumba meupe ya mawe, barabara pana kupita kiasi, ngazi ndefu, matao juu ya matao. Mahali palipochorwa kwa ajili ya umati mkubwa. Umati usipokuwepo, jicho linauona upungufu huo papo hapo. Hakuna seti ambayo ingejengwa kwa fedha kidogo ikafikia hapo. Filamu inafungua kwa picha za mitaa mitupu, moja baada ya nyingine, kisha maiti zimelala kwenye ngazi na barabarani, bila neno hata moja.

Mpiga picha Franco Delli Colli alitumia rangi nyeusi na nyeupe kwenye fremu pana, ambayo upana wake ni zaidi ya mara mbili ya kimo. Mtu mmoja akisimama humo, pande zote mbili zinabaki wazi. Bahati mbaya nakala nyingi zilizozagaa zilikatwa pembeni ili zienee kwenye runinga za zamani, na kilichokatwa ni ule utupu wenyewe. Ukiitafuta, hakikisha unapata nakala yenye fremu kamili. Nyingine zinakuonyesha nusu ya filamu.

Kisha kuna utaratibu wa siku. Dk. Robert Morgan, anayeigizwa na Vincent Price, anaamka kwa kengele ya saa, anatazama kalenda aliyoichora ukutani kwa mkono, anakagua vitunguu saumu na kioo mlangoni, anachonga vigingi kwa mashine ya kukerezea. Anaita redioni, hajibiwi. Anapakia maiti garini na kwenda kuzitupa kwenye shimo la moto. Haya yote yanataka mwigizaji mmoja, nyumba moja na gari moja, na uhariri unayapitia kwa mwendo wa kibarua aliyechoka, huku sauti ya Price ikisimulia juu ya picha. Uchovu huo unatueleza miaka aliyoishi hivyo vizuri kuliko maelezo yoyote.

Usiku ukiingia, sauti ndiyo inayobeba mzigo. Vampaya ni waigizaji wachache, sura za kawaida, mwendo wa kuyumbayumba, wakigonga kuta kwa mbao. Nje, rafiki yake wa zamani, Ben Cortman, anamwita kwa jina ajitokeze. Ndani, Morgan anaongeza sauti ya santuri. Tukibaki naye ndani, idadi yao inajazwa na masikio yetu. Tukio bora kuliko yote limejengwa hivyo hivyo: mkewe, aliyemzika kwa siri ili asichomwe, anarudi. Tunasikia mnong'ono unaomwomba afungue, kitasa kinazunguka, na Price anasogea mlangoni hatua kwa hatua. Woga wote umo kwenye kitasa.

Mwongozaji George Romero aliwahi kukiri kwamba riwaya ya Matheson ilimpa wazo la Night of the Living Dead ya mwaka 1968. Anayezitazama filamu hizi mbili kwa kufuatana ataona undugu wa wazi: nyumba iliyozingirwa, mbao madirishani, wafu wasiokimbia.

Robo ya mwisho inalegea. Jamii mpya ya watu walioambukizwa uvampaya lakini wanajitibu inaingia kwa magari na silaha, mbio zinaanza, na ule utupu uliojengwa kwa uvumilivu unavunjwa na kelele. Sauti za Kiingereza zilizopachikwa juu ya waigizaji wa Kiitaliano nazo hazikai vizuri midomoni. Matheson mwenyewe hakuridhika. Kwenye orodha ya waandishi alijificha nyuma ya jina la Logan Swanson, na aliona Price hakufaa nafasi ile. Kwa mwili nakubaliana naye, maana Price hana umbo la mtu anayeua kwa vigingi kila siku. Kwa sauti sikubaliani. Filamu inayomwegemea msimulizi mmoja kiasi hiki ilihitaji koo lile.