Zinia Iliyo Bora: Mwongozo wa Kuitambua Kuanzia Mbegu hadi Shingo ya Ua

Zinia ni ua la msimu mmoja lenye asili ya Meksiko, ambalo Linnaeus alilipa jina lake la kitaalamu mwaka 1759 kwa kumuenzi Johann Gottfried Zinn, mwanaanatomia na mtaalamu wa mimea wa Göttingen aliyefariki mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 31 tu. Kwa kuwa mbegu yake huota upesi na mmea wake hustahimili jua kali, zinia imeenea katika bustani za nyumbani kiasi kwamba wengi huiona kuwa ua lisilohitaji ujuzi, nao huipima kwa mambo mawili tu, yaani ukubwa wa ua na ukali wa rangi. Vipimo hivyo havitoshi, kwa sababu hata mmea dhaifu huweza kutoa ua moja kubwa jekundu kabla ya kuanguka, ilhali ubora hujidhihirisha mahali ambapo macho ya wapita njia hayafiki: katika mbegu, katika majani ya chini, katika jicho la ua na katika shingo inayolibeba.

Ili jicho la ua lieleweke, ni lazima kwanza umbo lake lifahamike. Kile kinachoitwa ua moja la zinia ni kichwa kilichobeba vijiua vingi vya namna mbili: vijiua vya pembeni, ambavyo kila kimoja kina petali moja pana yenye rangi na ni cha kike, na vijiua vya katikati, ambavyo ni vidogo, vya manjano, vyenye umbo la nyota na vyenye viungo vya kike na vya kiume kwa pamoja. Ua la safu moja lina mzunguko mmoja wa petali kulizunguka jicho kubwa, na ua la safu nyingi ni lile ambalo nafasi ya vijiua vya katikati imetwaliwa na petali zilizopangana moja juu ya nyingine hadi karibu na kitovu. Mkulima anayenunua aina ya Zinnia elegans yenye maua makubwa, kama vile Benary's Giant, ana haki ya kutarajia safu nyingi, lakini afahamu pia kwamba hata pakiti nzuri hutoa mimea kadhaa yenye safu moja, kwa hiyo pakiti ihukumiwe kwa uwiano uliomo kitaluni wala si kwa ua lililochorwa juu yake. Jicho hutaja pia umri: ua lililokamilika sasa hivi lina kitovu kilichofungamana, na kadiri siku zinavyopita kitovu huinuka kama pia na nyota za manjano hujitokeza kwa mizunguko, jambo ambalo huonyesha kwamba sehemu ya maisha ya ua imekwisha kupita.

Mbegu nayo husomeka. Ile itokayo kwenye kijiua cha pembeni ni nene, ina pembe tatu, na mara nyingi hubaki na petali iliyokauka ikiwa imeshikamana nayo, na ile ya katikati ni bapa na ina pengo dogo kwenye ncha yake pana. Zote mbili huota, mradi tu zimejaa, na njia ya kulithibitisha hilo ni kuibana mbegu kwa ukucha: iliyojaa hukataa kupinda, na iliyo tupu hulegea kama kapi. Mwenye shaka aweke mbegu 20 ndani ya karatasi yenye unyevu mahali penye joto, kisha ahesabu zilizochipua baada ya wiki moja, kwani katika joto la nyuzi 21 hadi 27 za Selsiasi mbegu hai kwa kawaida haihitaji muda mrefu zaidi ya huo. Ikumbukwe pia kwamba zinia kwa kawaida haikubali chavua yake yenyewe, hivyo wadudu ndio wanaoamua mzazi wa pili, na mbegu zilizochumwa kwenye bustani ya rangi mchanganyiko hazitarudia sura ya ua lililozizaa.

Mche bora ni mfupi, una shina nene kwa kulinganisha na kimo chake, na majani yake hukaa mawilimawili yakikabiliana bila nafasi ndefu kati ya jozi moja na nyingine. Mche uliorefuka na kupauka ulinyimwa mwanga, na kuufukia kwa kina hakuondoi kasoro hiyo. Mizizi ya zinia haipendi kusumbuliwa, na kwa sababu hiyo kusia mbegu moja kwa moja kwenye tuta, kwa kina kisichozidi sentimita moja, kisha kupunguza miche mpaka ibaki sentimita 25 hadi 30 kati ya mmoja na mwingine, huzaa mimea imara kuliko ile iliyohamishwa ikiwa imekwisha kukua. Katika nchi zilizo karibu na ikweta kuna jambo jingine la kuzingatia: zinia huwahi kutoa maua siku zinapokuwa fupi, na kwa kuwa mchana wa Afrika Mashariki haupungui wala hauzidi sana saa 12 mwaka mzima, mmea huweza kuchanua ukiwa bado mfupi na wenye matawi machache. Ndiyo maana ncha ya shina kuu hukatwa mmea ufikapo kimo cha sentimita 20 hivi, juu kidogo ya jozi ya majani, ili nguvu ielekee kwenye matawi ya pembeni. Mmea usiokatwa ncha usihukumiwe kwa kukosa matawi.

Majani ya chini ndiyo shahidi asiyedanganya. Unga mweupe juu ya jani ni ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu unaoshamiri mimea inaposongamana. Madoa ya hudhurungi yenye kitovu cha kijivu husababishwa na kuvu aitwaye Alternaria zinniae. Na madoa yenye pembepembe yaliyozungukwa na manjano husababishwa na bakteria. Magonjwa haya mawili ya mwisho huweza kusafiri ndani ya mbegu, hivyo tuta lililoathirika mapema, kabla ya mvua, huilaumu mbegu kuliko mwagiliaji. Hata hivyo, maji yamwagwe kwenye shina wakati wa asubuhi, na katika pwani yenye unyevu mwingi ni busara kusia mbegu masika yanapokwisha. Huko pwani, aina chotara kama Profusion, ambayo imetokana na Zinnia elegans na Zinnia angustifolia, inafaa zaidi kwa tuta la nyumbani, kwa kuwa majani yake hubaki safi kwa muda mrefu ingawa maua yake ni madogo, na tuta lenye afya lenye maua madogo lina thamani kuliko maua makubwa yaliyosimama juu ya majani yaliyoungua.

Kipimo cha mwisho ni shingo, yaani sehemu ya shina iliyo chini tu ya ua, ambayo ndani yake ina uwazi na hukomaa baada ya petali kufunguka. Mjuzi hulishika shina kiasi cha sentimita 20 chini ya ua na kulitikisa taratibu: kichwa kikiyumba na kuinama, ua bado halijakomaa, na likikatwa litalegea ndani ya chombo, kwani zinia haiendelei kukomaa baada ya kukatwa; lakini kichwa kikisimama wima pamoja na shina, wakati wa kulikata umefika. Shingo inayoinama hata ua linapokomaa ni kasoro, na hakuna rangi iwezayo kuifidia. Kasoro hiyo aghalabu hutokana na kivuli au na mbolea ya naitrojeni iliyozidi, na kama mimea michache tu ndiyo inayoinama katika tuta lililotunzwa kwa namna moja, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo limo katika uzao wenyewe.

Kwa hiyo mwenye bustani anayetaka mbegu za msimu ujao aing'oe mimea yenye majani yenye madoa na shingo dhaifu mara tu inapojitambulisha, kabla wadudu hawajaeneza chavua yake, kisha aifunge uzi ile iliyo bora na kuyaacha maua yake yakauke kabisa juu ya mmea. Mbegu hizo zihifadhiwe ndani ya bahasha ya karatasi mahali pakavu, na kila bahasha iandikwe mwaka na rangi ya ua mama.