Mkono Usiokubali

Nyumbani kwetu kulikuwa na maneno ya kumwondolea mtu lawama: mkono wake haukubali. Fulani kapanda mchicha haukuota, mkono. Kapanda mpapai ukatoka dume, mkono. Nilikua nikiamini kwamba wangu ni miongoni mwa mikono hiyo, na kusema kweli imani hiyo ilinifaa sana. Ambaye mkono wake haukubali, nani atamwambia ajaribu?

Kilichonitoa huko ni aibu. Naishi Morogoro, mji wenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chini ya Uluguru ambako mboga za Mgeta hushuka kila siku, na mimi nyanya nazinunua kwa fungu. Basi Agosti moja, viwanja vya Nane Nane, nikajikuta mbele ya vipando vya maonyesho. Nyanya zimefungwa kwenye miti, zimenyooka kama gwaride, hakuna jani lenye doa. Nikatoka pale na pakiti ya mbegu za nyanya, Tengeru 97. (Ushauri wa bure: mbegu usizinunue ukiwa umesimama mbele ya kipando cha maonyesho. Miche iliyokufa katikati ya safari haipelekwi Nane Nane.)

Pakiti ikalala kabatini wiki tano. Nilijiambia nasubiri samadi ikauke. Uongo. Bei ya zile mbegu haikuwa kitu cha kumnyima mtu usingizi. Kilichoninyima usingizi ni ua wetu. Ni wa michongoma, umetoboka, na upande wa pili anaishi bibi mmoja Mluguru aliyelima mboga tangu utotoni. Ukiunguza wali unafunika sufuria. Nyanya zikifa uani, zimekufa hadharani.

Mwishowe nikatengeneza kitalu, tuta la hatua mbili. Nikachora vifereji vya kina cha ukucha, nikafukia, nikatandaza nyasi kavu. Siku ya saba nikafunua: vishingo vyeupe vimekunjama, vinasukuma udongo. Hapo ndipo hofu yenyewe ilipoanza, maana sasa kulikuwa na kitu cha kuua. Nikamwagilia asubuhi. Nikamwagilia mchana, jua lilikuwa kali. Nikamwagilia jioni, na usiku mmoja nilitoka na tochi kwenda kuangalia kama vimelala salama.

Siku ya kumi na moja miche ilikuwa imelala kweli. Majani bado ya kijani, mabichi kabisa, lakini shina pale linapogusa udongo limesinyaa na kuwa jembamba kama uzi, mche mmoja baada ya mwingine, mstari mzima.

"Shikamoo, bibi," nikasema, maana alikuwa ameshafika kwenye tundu la ua.

"Marahaba, mwanangu. Nipishe nione."

Hakuangalia miche. Alichota udongo, akaufumbata, akaukamua. Maji yakatoka katikati ya vidole vyake.

"Kinyaushi hicho. Umeipanda imebanana, halafu umeinywesha mpaka imezama."

Kinyaushi ni ugonjwa wa ukungu wa udongoni, na hupenda unyevu usiokauka na miche isiyopata hewa. Yaani vyote viwili nilikuwa nimeviandaa kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa mapenzi. Kila ndoo niliyomwaga ilikuwa ndoo ya woga.

Nilingoja anicheke. Badala yake akaanza kunihesabia hasara zake: kabichi zilizooza shambani kwao, vitunguu vilivyonyeshewa siku mbili kabla ya kung'olewa, mwaka ambao sota walikata miche yote usiku mmoja. Alizitaja bila simanzi, kama anayetaja vituo vya basi alivyopita. Tumezoea kusema mwanzo kokochi, mwisho nazi, na hatutaji kokochi ngapi huanguka chini ya mnazi ule ule zikiwa hazijafika hata kuwa dafu.

Akanifundisha jambo moja tu. Kabla ya kushika ndoo, choma kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, rudi ndani. Jambo dogo, lakini ndilo lililonifanya niipende kazi hii, kwa sababu lilinihamisha kutoka kujiangalia mimi hadi kuuangalia udongo. Mtunza bustani hodari, nimekuja kuona, kazi yake kubwa ni kutazama. Anageuza jani aone tumbo lake. Anajua mche ulionyauka saa saba mchana utasimama wenyewe jua likipoa, na ule ulionyauka alfajiri una neno jingine.

Kitalu cha pili kilinipa miche kumi na minne. Novemba majani yakaanza kuwa na mabaka kama yaliyobabuka, na ndani ya kila baka, ukiliinua juani, kiwavi anatembea. Kantangaze, mdudu wa Amerika ya Kusini aliyeingia Tanzania mwaka 2014. Jina lake masikioni mwangu ni amri: nenda kanitangaze. Nikaenda kumtangaza, mwenyewe, kwa sauti, nikiwa bado mbali na ua. Tukachuma majani mabovu pamoja, tukayafukia.

Nyanya ya kwanza ilikuwa na kitako cheusi, kimeoza. Maji ya kusuasua, bibi alisema. Leo mengi, kesho hakuna. Nikakata kitako, nikakitupa kwenye mboji, kilichobaki nikakikatia kachumbari. Ilikuwa chachu kidogo. Niliichuma mapema, kwa pupa.