Kizunguzungu Kinachomfuata Mgonjwa Nyumbani

Mafanikio ya kupandikiza kifaa cha usikivu hupimwa kwa swali moja: je, mgonjwa anasikia? Swali hilo ni la haki, ila halitoshi. Koklea, yaani konokono ya sikio la ndani ambamo daktari hupitisha uzi wenye elektrodi, huunganishwa na umajimaji uleule unaozunguka viungo vitano vya usawa wa mwili, yaani mifereji mitatu ya nusu duara na vifuko viwili. Kifuko kiitwacho sakuli kiko jirani kabisa na mahali uzi unapoingilia, na uchunguzi wa masikio ya marehemu waliokuwa na vifaa hivyo umeonyesha kuwa ndicho kinachoumia zaidi. Kwa hiyo namna ya kuingia ina uzito mkubwa. Daktari anaweza kutoboa tundu jipya kwenye mfupa wa koklea, au akapitia utando wa dirisha la duara, uwazi ambao sikio linao tangu kuumbwa. Mwaka 2008 Ingo Todt na wenzake wa Berlin walilinganisha njia hizo mbili, wakaona waliopitishiwa dirishani hawakusumbuliwa sana na kizunguzungu kama wale waliotobolewa mfupa. Uzi laini, mkono usio na haraka na dawa za steroidi husaidia pia.

Hata hivyo, ufundi wa chumba cha upasuaji haumalizi kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Fina na wenzake nchini Marekani ulifuatilia wagonjwa 75. Kati yao 29 walipata kizunguzungu, na kwa 25 hakikuanza mara baada ya upasuaji bali kilichelewa, mara nyingi kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo penye hoja yangu: kwa mgonjwa wa ukanda wetu wa Afrika Mashariki, hatari kubwa haiko kwenye kitanda cha hospitali kuu, iko nyumbani, wakati aliyempasua yuko mbali. Tanzania ilianza upasuaji huu katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2017, baada ya miaka ya kupeleka wagonjwa India. Mtu wa sekta ya Cyanzarwe, wilayani Rubavu nchini Rwanda, mpakani na Kongo, akishapata kifaa hurudi kwenye vilima na udongo wenye mawe ya volkano. Ubongo uliopoteza sehemu ya taarifa za sikio hufidia kwa macho na nyayo. Usiku usio na taa humnyima macho, na ardhi isiyo sawa huzipotosha nyayo. Akipatwa na kizunguzungu mwezi wa pili, muuguzi wa kituo cha afya atafikiria malaria, shinikizo la damu au upungufu wa damu, na hatakuwa amekosea kufikiria hivyo, kwa sababu hakuna karatasi iliyomweleza jingine.

Wapo watakaosema kizunguzungu hiki hupita chenyewe. Kwa wengi ni kweli, ikiwa sikio la pili ni zima. Lakini uziwi mkubwa mara nyingi huja pamoja na udhaifu wa usawa, hasa ukiletwa na homa ya uti wa mgongo au dawa kama jentamaisini na streptomaisini, ambazo hushambulia viungo vya usawa kwa nguvu. Ukipandikiza kwenye sikio pekee lenye usawa bila kulipima, unaweza kumwondolea mgonjwa kile alichobaki nacho. Wengine watasema mashine za kupima ni ghali. Lakini kipimo cha kugeuza kichwa ghafla huku mgonjwa akikaza macho mahali pamoja, kilichoelezwa na Halmagyi na Curthoys mwaka 1988, hakihitaji mashine, na kusimama juu ya sponji macho yakiwa yamefumbwa hakugharimu zaidi ya kipande cha godoro. Vilevile, kizunguzungu cha chembe zilizohama ndani ya mifereji hutibiwa kwa kumlaza na kumgeuza mgonjwa kwa utaratibu, kazi ya dakika chache. Kumpa vidonge vya kutuliza kwa miezi huchelewesha ubongo kujizoesha.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaohofu kwamba maneno haya yatawatisha wazazi, na mtoto akapitwa na umri wa kujifunza kusema. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini watafiti wa Toronto wameonyesha kwamba watoto wasio na usawa huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kifaa chao kuharibika, na kuanguka anguka ni sababu inayoeleweka. Kumpima mtoto usawa ni kukilinda hata kifaa chenyewe. Kama unajiandaa kwa upasuaji huu, au unampeleka mwanao, usisaini fomu kabla ya kuuliza sikio lipi lina usawa mzuri, na usitoke hospitalini bila barua ya kituo chako cha afya inayotaja upande uliopasuliwa, majibu ya vipimo na nambari ya simu ya daktari.