Sekunde 34 za Butch O'Hare

Ndege ya kivita aina ya Grumman F4F-3 Wildcat ilibeba bunduki nne za rasharasha mabawani, kila moja na risasi 450. Rubani akikibana kifyatulio bila kuachia, risasi zote humalizika katika muda wa sekunde 34 hivi. Jioni ya tarehe 20 Februari 1942, katika Bahari ya Pasifiki mashariki ya Rabaul, Luteni Edward Henry O'Hare, aliyezoeleka kwa jina la Butch, hakuwa na zaidi ya sekunde hizo. Mbele yake ndege nane za mabomu za Japani zilikuwa zinaiendea Lexington, meli kubwa ya kubeba ndege ambayo ndiyo iliyokuwa kituo chake.

Masimulizi mengi ya siku hiyo huishia kwenye neno ushujaa. Ushujaa ulikuwepo, na sitaupunguza hata kidogo. Lakini nadhani tunamkosea O'Hare tukimsifia moyo tu na kuisahau kazi ya mikono na macho yake. Wenye moyo walikuwa wengi katika vita ile, na wengi wao walikufa kabla ya kumaliza risasi zao.

Kwanza tuangalie jinsi alivyobaki peke yake. Kundi la kwanza la ndege za Japani, tisa kwa idadi, lilikuwa limekwisha kuonekana, na ndege za Lexington zilikuwa zimetawanyika kulifukuza. Ndipo rada ya meli ikaonyesha kundi la pili likiwa umbali wa maili 12 tu, likitokea upande ambao hakuna aliyekuwa akiulinda. Waliokuwa karibu ni O'Hare na mwenzake Marion Dufilho. Walipojaribu bunduki zao, za Dufilho zikakwama. Wawili wakawa mmoja.

O'Hare alikuwa juu ya adui kwa karibu mita 450. Kimo hicho ndicho kilichokuwa mtaji wake. Rubani aliye juu anaweza kushuka kwa kasi, akapiga, akapita chini ya msafara, kisha akaitumia kasi ileile kupanda tena upande wa pili. Aliye chini hulazimika kupanda polepole huku akipigwa.

Ndege alizokabiliana nazo ni Mitsubishi G4M, ambazo Wamarekani walikuja kuziita Betty. Mkiani zilikuwa na mzinga wa milimita 20, kwa hiyo rubani aliyezifuata kwa nyuma, njia inayoonekana rahisi kuliko zote, alikuwa anajipeleka mwenyewe kwenye mdomo wa mzinga. Udhaifu wa ndege hizo ulikuwa kwenye mabawa. Ili ziweze kuruka mbali sana zilijazwa mafuta mengi humo, na matangi hayakuwa na kinga ya kuziba matundu ya risasi. Bawa likipigwa karibu na injini, moto ulikuwa haukawii.

Basi O'Hare akashambulia kutoka juu na ubavuni. Mkiani hakwenda. Njia hiyo ina mtihani mkubwa, nao ni kulenga. Tuchukue mfano wa hesabu: ndege inayokwenda kilomita 300 kwa saa hukata mita 83 kila sekunde. Risasi inayopigwa kutoka umbali wa mita 250 huchukua karibu theluthi moja ya sekunde kufika. Katika muda huo mfupi ndege imeshasogea zaidi ya mita 25, na urefu wa Betty ni mita 20 tu. Kwa maneno mengine, ukiilenga yenyewe kutoka ubavuni, risasi zako zote zinapita nyuma ya mkia. Ni lazima ulenge mahali patupu mbele yake, kama mchezaji anayempigia pasi mwenzake anayekimbia. Na hapo wewe mwenyewe unashuka, unapinda, na pembe inabadilika kila nukta.

Jeshi la Wanamaji la Marekani lilikuwa miongoni mwa majeshi machache yaliyowafundisha marubani wake ulengaji huo kwa utaratibu. Pua ya Wildcat iliyoinama ilimsaidia rubani kuona mbele na chini wakati wa kulenga. O'Hare alikuwa na bahati ya kuwa chini ya John Thach, kamanda wa kikosi cha VF-3, aliyewafanyisha vijana wake zoezi hilo hadi likawaingia mwilini. Ninapoitazama jioni ile namwona Thach ndani yake, ingawa alipofika mahali penyewe kazi ilikuwa inaelekea mwisho. Alizikuta ndege tatu zikianguka kwa moto kwa wakati mmoja.

O'Hare alianza na zile za pembeni kulia. Alipiga mikupuo mifupi kwenye injini, akavuka kwenda kushoto, akapanda, akarudi. Ukizigawa sekunde 34 kwa ndege nane, kila moja inapata sekunde nne na kidogo. Nafasi ya kujaribu, kukosa na kurekebisha haikuwepo. Katika zamu yake ya mwisho risasi zake ziling'oa injini ya ndege ya kiongozi wa msafara, Luteni Kamanda Takuzo Ito. Ndege hiyo iliyojeruhiwa ilijaribu kuigonga Lexington, ikakosa, ikaanguka baharini. Hakuna bomu lililoipata meli. Katika ndege 17 za makundi yote mawili, 15 hazikurudi salama. Wildcat ya O'Hare ilikutwa na tundu moja tu la risasi za adui, bawani.

Maelezo ya nishani aliyopewa baadaye yanasema aliangusha tano na kuijeruhi ya sita. Kumbukumbu za Japani zilizochunguzwa baadaye zinaonyesha tatu. Sioni udanganyifu hapo. Rubani anayepita kwa kasi huiona injini ikiwaka na ndege ikitoka kwenye mstari, naye tayari anageukia nyingine. Baadhi ya zile alizozipiga zilizima moto na kuuwahi msafara. Kwa Lexington tofauti hiyo ilikuwa ndogo, kwa sababu ndege inayohangaika na moto hailengi mabomu yake vizuri.

Tarehe 21 Aprili 1942 Rais Roosevelt alimkabidhi Medali ya Heshima, wa kwanza kati ya marubani wa wanamaji kuipata katika vita hivyo. Angeweza kubaki nyumbani akihutubia mikutano. Alirudi vitani, na mwaka uliofuata akajitwika jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanywa kutoka meli za kubeba ndege: kupigana usiku.

Wildcat ilikuwa imepokewa na Hellcat, nayo haikuwa na rada. Mpango ukawa ndege moja ya Avenger yenye rada itangulie kutafuta, na Hellcat mbili zishikamane nayo gizani. Usiku wa tarehe 26 Novemba 1943, karibu na visiwa vya Gilbert, O'Hare aliruka kutoka meli ya Enterprise pamoja na mwenzake Warren Skon. Avenger iliangusha ndege mbili za Japani. Tatizo lilikuja walipotaka kujipanga upya. Ili waonane iliwabidi wawashe taa, na taa haichagui anayeiona. Ndege ya Japani ilijitokeza nyuma yao, risasi zikapigwa, na O'Hare akatoweka. Wapo waliomshuku mpiga bunduki wa Avenger, lakini wanahistoria waliochunguza kwa kina kila pembe ya tukio wanaona kuwa aliyempiga yaelekea ni Mjapani. Alikuwa na umri wa miaka 29. Mwaka 1949 uwanja wa ndege wa Chicago ulipewa jina lake.

Kasoro ya mpango ule ilikuwa kwamba jicho lilikuwa kwenye ndege moja na ngumi kwenye nyingine. Mwezi Januari 1944 Enterprise ilipokea kikosi cha ndege za Corsair zilizofungwa rada kwenye bawa la kulia, na sasa aliyetazama kioo cha rada ndiye aliyeshika kifyatulio.