Nani atakuwa Juliette?

Wengi wamekwisha andika juu ya ngoma zetu, juu ya mali ya ndoa, juu ya mila za wavuvi wa ziwa. Sisi tunaomba nafasi kidogo tuseme juu ya kitu ambacho wazee wengine hawataki kukiita desturi: mchezo wa kuigiza. Tena si mchezo wenyewe, bali ile siku inayoutangulia, siku ya kujaribu watu ili kujua nani atashika nafasi gani. Hapa Kabimba siku hiyo hufanywa haraka haraka, kama jambo la kuandika majina tu kwenye karatasi. Sisi wenyewe tulifanya hivyo, na tulikosa.

Mchezo tuliochagua, walimu wengi wanaufahamu: Trois prétendants… un mari, yaani wachumba watatu na mume mmoja, wa Guillaume Oyono-Mbia, Mkameruni, uliotolewa Yaoundé mwaka wa 1964. Juliette ni binti anayesoma masomo ya sekondari. Anarudi kijijini kwao Mvoutessi na kukuta kwamba wazee wamekwisha pokea franka 100.000 za mkulima mmoja anayeitwa Ndi, bila yeye kuulizwa. Kisha anafika mfanyakazi wa serikali, Mbia, na 200.000. Jamaa wanapokea tena. Lakini Juliette anapenda Oko, mwanafunzi asiye na kitu. Basi anaiba zile 300.000, anampa Oko, naye Oko anakuja kumposa kwa feza hizo hizo. Ni mchezo wa kuchekesha, lakini ndani yake kuna mapenzi yenye taabu kweli. Wale waliosoma Le Cid ya Corneille (1637) watakumbuka Chimène anayempenda mtu aliyemuua baba yake. Taabu ya Juliette haina damu. Ni ya feza, na kwa hiyo iko karibu zaidi na sisi.

Tuliutafsiri katika Kiswahili sisi wenyewe, usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Leo tukisoma tena tafsiri ile tunapata haya. Tulitia Kiswahili cha Biblia katika kinywa cha Oko. Tulimwandikia aseme «ee mpenzi wa moyo wangu», na mambo ya namna hiyo. Nani katika kambi ya kiwanda cha simenti, au kule pwani kwa wavuvi, amekwisha sikia kijana akisema hivyo? Kwetu kijana anayependa hasemi sana. Anasema: «Nitakuja kwenu.» Msichana anaelewa. Maneno hayo mawili ni mazito kuliko ukurasa mzima, juu ya nyuma yake kuna baba mdogo, kuna mujomba, kuna mbuzi, kuna vitenge, kuna feza ambayo bado haijapatikana.

Siku ya kujaribu tuliita watu katika chumba cha masomo, saa tisa mchana. Walikuja vijana wanaume kumi na mmoja na wasichana watatu. Uwiano huo peke yake ungetosha kwa makala nyingine. Tulikaa mbele, walimu watatu, kama watu wa mtihani wa serikali, na kila mmoja alipewa karatasi asome. Tuliandika namba: sauti kwa kumi, matamshi kwa kumi, kusimama kwa kumi. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyefikiri kuandika kusikiliza.

Wasichana wawili wa kwanza walisoma vizuri. Mmoja alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita, Kifaransa chake safi, shingo imenyooka, mikono imefungwa mbele kama anasoma shairi siku ya kugawa matokeo. Watatu hakuwa mwanafunzi tena. Aliacha masomo kisha mwaka wa tatu na sasa anauza ndagala. Alishika karatasi, akasoma mistari kama mitano polepole, halafu akaiweka juu ya meza yetu.

«Mwalimu, miye minauliza. Huyu Juliette, wakati banahesabu ile feza, ye iko wapi?»

Tulimwambia kwamba bado yuko njiani, anarudi kutoka masomoni. Akasema: «Na kisha kufika? Banasema paka juu yake. Ye anafanya nini?» Kwa kweli hatukuwa tumefikiri. Tulimwambia aonyeshe mwenyewe. Akavuta kiti kidogo, akakaa upande, mgongo nusu umetugeukia, akaanza kuchambua sombe ambayo haikuwapo. Vijana walioshika nafasi za wazee wakaendelea kusoma hesabu zao. Kila namba ilipotajwa, mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Hakusema neno. Chumba kikanyamaza, hata wale watoto waliokuwa dirishani.

Kisha akaingia Oko na ule upuuzi wetu wa mpenzi wa moyo. Alimtazama kijana yule mpaka akamaliza, akamuuliza: «Utakuja na nani?»

Watu walicheka, na sisi tulicheka. Kijana alikosa la kujibu, kwa sababu swali hilo halikuwa kwenye karatasi. Nasi tukaandika karibu na jina lake: hakufuata maandishi.

Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo. Swali lile, utakuja na nani, ni mchezo mzima wa Oyono-Mbia katika maneno matatu. Oko hana mtu wa kuja naye wala feza ya kuja nayo. Ndiyo sababu Juliette anaiba. Msichana ambaye hakupata kuona kitabu chenyewe aliona mzizi wa mambo, na walimu watatu wenye diploma ya ISP walimpunguzia namba.

Kesho yake asubuhi yaya yake akaja kutuona. Alikuja kwa heshima, akavua kofia, akakaa. Alieleza kwamba nusu ya mali ya dada yake imekwisha pokelewa, na jamaa za mwanaume wakisikia kwamba binti ameposwa mbele ya watu na mwanaume mwingine, hata kama ni mchezo, watauliza maswali. «Munielewe, Mwalimu. Kwenu ni mchezo. Kwetu batasema aliitika mbele ya batu.» Tulimjibu kwamba tumeelewa. Na tangu siku hiyo, kila mtu aliyetuuliza kwa nini yule dada hakuchukuliwa, tulisema: jamaa walikataa. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumekwisha mwandika yule mwingine tangu jana jioni. Tulijificha nyuma ya yaya yake. Tunaandika hapa juu wengine wetu bado wanaeleza habari ile kama kosa la mila, na mila haikuwa na kosa lote.

Tena yaya huyo hakuwa mjinga. Desturi yetu inajua kwamba neno lililosemwa mbele ya watu linashika. Hata sheria ya nchi inafuata njia hiyo: Kanuni ya Jamaa ya mwaka wa 1987, katika fungu la 361, inataka jamaa mbili zipatane juu ya mali, na kama inalipwa kidogo kidogo, walau sehemu iwe imetolewa mbele ya ndoa. Mtu ambaye amekwisha pokelewa sehemu hiyo, kumpandisha mbele ya kijiji aseme «ndiyo» kwa mwingine si jambo dogo. Ilifaa tuende sisi kwao, na wazee wetu, tuombe. Yaani tuje na mtu. Hatukwenda.

Mchezo ulifanyika. Mwanafunzi wetu alisema kila neno bila kukosa hata moja. Lakini watu wa Kabimba hawatazami mchezo kama watu wa misa, wanajibu. Wakati Ndi anahesabu feza, mama mmoja alipiga kelele kutoka nyuma: «Usikubali, mutoto!» Juliette wetu akanyamaza, akangoja kelele iishe, akaendelea na mstari wake kama mtu aliyekatizwa na mvua juu ya mabati. Hapo mchezo ulikufa. Kilichobaki kilikuwa somo la kukariri. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alilala, wala hatumlaumu.

Uhai ulirudi mwishoni, si kwa sababu yetu. Oko alipolipa 300.000, na zikarudishwa kwa Ndi na Mbia waliotoa kwanza, mtu mmoja akauliza kwa sauti: «Sasa baba amekula nini?» Watu wote wakaanza kuhesabu. Kweli, baba hakula kitu! Wengine wakasema binti ni mwizi, wengine wakasema hakuiba kitu kwa sababu kila franka ilirudi kwa mwenyewe. Ubishi ulifika mpaka barabarani, na kesho yake sokoni uliendelea. Mwandishi wa Mvoutessi aliandika jambo la kuchekesha, Kabimba wakafanya hukumu. Tunaona hiyo ni sifa kwake.

Je, kuna njia nyingine ya kuchagua na kutayarisha watu? Iko, na haiko mbali sana. Huko Lubumbashi kundi la Mufwankolo lilicheza miaka mingi katika Kiswahili cha mjini, bila kitabu cha kukariri. Mwaka wa 1986 mtafiti Johannes Fabian alikuwa pamoja nao. Alikuwa amealikwa kula kuku, akapewa firigisi, akataka kuigawa na wengine, akaambiwa mithali kwamba mamlaka huliwa nzima. Akawauliza watu wa kundi maana yake. Badala ya kumjibu tu, wakatunga mchezo mzima: wakajadiliana kwanza, wakapanga sehemu zake, wakajaribu na kujaribu tena kwa maneno yao, kisha wakaenda kuucheza katika kijiji cha Kawama, wanakijiji nao wakiwa ndani, na televisheni ikaupiga picha. Fabian alieleza kazi hiyo yote katika kitabu chake cha mwaka wa 1990. Angalia vizuri: mtu alijulikana kwa kusema na mwenzake, kwa kupokea neno na kulirudisha. Mama wa Kawama angepiga kelele, angejibiwa.

Kuna atakayesema kwamba wale walikuwa watu wa kazi hiyo kwa miaka, na sisi ni walimu, wanafunzi na wauza samaki. Ni kweli. Bila maandishi, vijana wetu wengine wangezunguka saa nzima bila kufika kwenye wizi wa feza. Hatusemi kitabu kitupwe, tena kitabu cha Oyono-Mbia kimejengwa vizuri kuliko chochote ambacho tungeweza kutunga. Tunasema karatasi isishikwe siku ya kwanza. Mtu aelezwe habari, awekwe mbele ya mwenzake, aulizwe: wewe ungemujibu namna gani? Maandishi yatakuja nyuma, yakisahihishwa kwa yale tuliyosikia. Sisi tungekuwa tumefuta ule mpenzi wa moyo siku ile ile.

Mwaka huu tunataka kuucheza tena. Siku ya kujaribu tumeiweka katika juma la mwezi mpevu, wakati wavuvi wa ndagala hawaendi ziwani kwa sababu taa zao hazivuti samaki, na wanawake wa pwani wana nafasi kidogo. Wawili kati yetu walikwenda, pamoja na mzee mmoja anayejua kusema, nyumbani kwa yule dada. Ameolewa sasa, ana mtoto mgongoni. Bwana yake alitukaribisha, alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mke wake. Yeye akasema Juliette hapana, miaka imepita. «Munipe mama yake. Miye minajua vile anakaa wakati banahesabu.»

Tumemwandika Makrita, bila namba kwa kumi. Juliette bado tunamtafuta. Na babu Abessolo pia, kwa sababu wazee wote waliokuja mpaka leo wanataka kuwa chifu.