Sifuri ya Python inapokaa nyuma ya namba

Naanza na '<05', maana hapo ndipo kanuni za ujazaji na upangaji za Python zinapoharibika. Mnaijua: panga kushoto, sifuri, upana wa herufi 5. Ipe 7, inakurudishia 70000. Hakuna kosa, hakuna onyo. Tuseme karani wa mwaloni Guta anachapisha orodha ya kilo za dagaa zinazokwenda Bunda, na aliyeandika programu alitaka tu namba zikae kushoto: kilo 7 zimeshakuwa elfu sabini, na mnunuzi anasubiri mzigo. Panga katikati kwa '^05', unapata 00700. Ipe -7 kwa '>05', inatoka 000-7.

Huu ni uamuzi mbovu, na nyaraka zimeufunika. Zinaeleza kwamba pasipo alama ya upangaji, sifuri inayotangulia upana ni sawa na kuandika '0=', yaani ijaze baina ya alama ya hasi na tarakimu. Sawa kabisa. Alama ya upangaji ikiwepo je? Kimya. Kumbe sifuri hubaki kijazo kama vijazo vingine. Lakini nyota ikikaa kulia kwa 7 haibadilishi kitu. Sifuri inabadilisha thamani, na kwa hiyo ilistahili kanuni yake peke yake.

C ilishalimaliza hili. Kiwango cha 1989 kinaagiza kwamba '-' na '0' zikikutana kwenye printf, sifuri ipuuzwe: '%-05d' inatoa 7 na nafasi nne tupu. Rust imeamua kinyume, sifuri inaushinda upangaji, unapata 00007. Njia mbili, na zote zinailinda namba. COBOL ya wazee ilijaza nyota mbele ya kiasi cha hundi ili mtu asichomeke tarakimu. Waliokuwa wakiandika malipo walijua hatari iko wapi.

PEP 3101 ya Talin, ya 2006, pendekezo lililoleta kanuni hizi kwenye Python, kwa mengine ni kazi safi.

Toleo la 3.10 la Python liligusa kanuni hii hii, likarekebisha maneno tu: '05' ikaacha kuangusha programu ikipewa neno. Namba zikaachwa zilivyo. Na lile la kupanga katikati, ambalo sitachoka kulisema, lipo bado: 'ab' kwa '*^5' inatoka '*ab**', kwa center(5, '*') inatoka '**ab*'.

Kama tabia haibadiliki kwa kuogopa kuvunja programu za zamani, basi nyaraka ziandike wazi, palepale kwenye aya ya sifuri: ukitaja upangaji, sifuri zitafuata upangaji huo, hata nyuma ya namba.