Heko, Ustadh Abdilatif

Tunzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta ilipomwendea Abdilatif Abdalla mwaka 1974, wengi walicheka kimoyomoyo. Kitabu kilichoshinda, *Sauti ya Dhiki*, kilitungwa ndani ya gereza la serikali ya Kenyatta huyohuyo. Kosa la kijana huyu wa Mombasa lilikuwa waraka wa kuuliza Kenya inakwenda wapi, nao ulimtia ndani miaka mitatu, 1969 hadi 1972. Kalamu na daftari vilikatazwa. Akaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni.

Mimi humpongeza zaidi kwa ufundi wake kuliko kwa mateso aliyopata. Hasira haikumfanya alegeze vina wala mizani, na Kimvita chake hakukipunguza makali ili kiwafae wasomi wa bara. Katika shairi lake "Mamba", mtawala hatajwi hata kwa herufi moja. Anayetajwa ni mnyama anayejidai mtoni, na msomaji anajaza mwenyewe.

Baada ya kutoka gerezani aliishi uhamishoni: Dar es Salaam, London, kisha Leipzig, alikofundisha Kiswahili hadi alipostaafu mwaka 2011. Vitabu vyake vya mashairi ni vichache, tena si kasoro hiyo. Mwaka huohuo aliostaafu zilitoka tungo za Kamange na Sarahani wa Pemba, yeye akiwa mhariri. Nani leo hujisumbua hivyo kwa ajili ya malenga wengine?

Wachapishaji, *Sauti ya Dhiki* isikosekane madukani.